Mchoro wa Mizizi ya Mvule Namba Tisa

Notisi ya kwanza ya kuvunja sheria ya miti kijijini kwetu iliandikwa kwa jina langu, na mwandiko ulikuwa wa mke wangu. Sisemi hivi ili nionewe huruma. Nasema kwa sababu habari hii imeshaharibiwa na wasimulizi, hasa kinyozi, ambaye hakuwapo lakini anaieleza kama vile ndiye aliyenishikia sururu. Aliyechimba ni mimi. Basi nieleze mwenyewe.

Mimi ni mwashi. Wananiita Timazi, jina la ile kamba yenye uzito tunayoining'iniza kuona kama ukuta umesimama wima, kwa sababu kuta zangu hata ukizitazama kwa jicho tu unajua zimesimama. Najisifu? Najisifu. Miaka ishirini na sita nimejenga hapa, na hakuna chumba changu chenye pembe iliyozidi wala iliyopungua. Pembe ikinigomea nabomoa, naanza upya, hata kama mwenye nyumba amesimama pale ananiambia haidhuru.

Mke wangu ni karani wa miti katika ofisi ya kijiji. Kazi hiyo haikuwapo mpaka ilipopitishwa sheria ndogo, miaka mitatu iliyopita, kwamba kila mvule uliofikia unene fulani ni mti wa kulindwa, uwe kando ya njia au ndani ya kiwanja cha mtu. Walizunguka kijiji kizima wakapata mivule thelathini na mmoja. Kila mmoja ukapewa kibati chenye namba, kikafungwa kwa waya, maana hata msumari umekatazwa. Wa kwetu ni namba tisa. Umesimama katikati ya uwanja, na matawi yake yanakuja mpaka dirishani kwetu kama jirani mdaku.

Siku ya mkutano wa kuitangaza sheria hiyo, mke wangu aliwasomea wenye nyumba masharti yote kumi na mawili. Mimi nilikaa nyuma na fundi bomba, tunabishana juu ya tangi la mtu. Nilisikia usikate, usichome, usichimbe karibu. Hilo karibu ni wapi, sikuuliza. Mtu wa kazi yangu hupima kuanzia kwenye kitu kigumu: ukuta, nguzo, shina. Nani anapima kuanzia kwenye kivuli?

Halafu mama akateleza bafuni, akavunjika nyonga.

Mama yangu ana miaka sabini na sita na anaishi nasi. Nyumba yetu imekaa juu ya ukuta wa mawe, na kutoka uwanjani mpaka mlangoni kuna ngazi kumi na nne. Nilizijenga kwa mkono wangu, zote kimo kimoja, unaweza kuzipanda umefumba macho. Daktari alipozisikia akatikisa kichwa. Mama atatembea tena, alisema, kwa kushikilia fremu ya chuma, lakini ngazi asahau. Moja, labda. Kumi na nne, hapana.

Dada yangu mkubwa, anayeishi mbali, safari ya siku nzima, akapiga simu siku hiyo hiyo. Nyumba yake haina ngazi hata moja. Alishaandaa chumba, na siku mama atakayoruhusiwa kutoka hospitali angekuja na gari kumchukua. Nikaenda kumwambia mama. Akavuta shuka mpaka kifuani.

"Mwambie dada yako asante," akasema. "Lakini baba, mimi nikienda huko sirudi. Na wewe unajua."

Nilijua. Mama mdogo alichukuliwa hivyo hivyo na mwanawe, kwa wiki mbili tu, apumzike. Tulipomwona tena tulikuwa tunamzika.

Nikahesabu. Zilibaki siku ishirini na nne. Chumba kimoja uwanjani, mita nne kwa tatu, cha matofali, mlango usawa wa ardhi, choo pembeni: kwangu hiyo ni kazi ya siku kumi na nane. Usiku nikamwambia mke wangu mezani.

"Njoo ofisini," akasema.

"Si niko hapa, na wewe uko hapa."

"Hapa nakula."

Kesho yake nikaenda. Nilikaa kwenye benchi na kinyozi, aliyekuja kuulizia tawi lililoinamia paa lake. Mke wangu alikuwa nyuma ya meza, amevaa miwani yake ya kazini, na akanitazama kama mtu aliyekuja kuuza dawa ya panya.

"Jina la mwombaji?"

"Hulijui?"

"Jina la mwombaji."

Nikalitaja. Kinyozi akakohoa ndani ya leso kwa muda mrefu kuliko mtu mwenye kifua kibovu. Nikajaza fomu, akairudisha kwa sababu sikuweka mchoro wa kiwanja. Nikachora, akapiga mhuri.

"Nitakuja kukagua Alhamisi, saa nne asubuhi, na kamba ya kupimia."

"Unakuja wapi? Wewe unaishi pale."

"Alhamisi, saa nne," akasema. "Anayefuata."

Hapo nilikuwa na siku sita za kusubiri. Siku sita kati ya ishirini na tatu, mama yangu kitandani, na mke wangu ananiwekea miadi ya kuja nyumbani kwake mwenyewe. Niliona cheo kimempanda kichwani. Niliona ananikomoa. Nayasema haya wazi kwa sababu ndiyo niliyoyafikiri, na nilikuwa mjinga.

Jumatatu alikwenda kukagua mivule ya ng'ambo ya mto. Alipopotelea tu njiani, nikachukua kamba, nikapima mita nne kutoka shinani, nikaongeza nusu kwa usalama, nikapigilia vigingi, nikaanza kuchimba mtaro wa msingi. Mtaro ulinyooka vizuri, kama kawaida yangu. Ilipokaribia saa sita sururu ikagonga kitu kikaitika kama mlango. Ulikuwa mzizi, mnene kama paja langu, umekatiza mtaro katikati.

Mtu mwenye akili timamu angeacha. Mimi nilikwenda kuchukua shoka. Ilinichukua nusu saa nzima, na mzizi ukatoa utomvu mweupe, ukawa unadondoka kwenye mtaro wangu ulionyooka. Nilijisikia vibaya, lakini nikaendelea.

Mke wangu alirudi saa tisa. Laiti angefoka. Aliweka mkoba wake kwenye ngazi ya kwanza, akavua viatu, akashuka mtaroni, akashika ncha moja ya mzizi, kisha ncha ya pili. Akapima unene. Akapanda, akajifuta mikono, akatoa kitabu cha notisi mkobani, akaandika akiwa amesimama.

"Jina?" akaniuliza.

Safari hii nilitaja bila ubishi.

Notisi ilisema kazi isimame. Mtaro ufukiwe kwa mkono na udongo ule ule. Na msingi wa mtaro usichimbwe kwenye kiwanja hiki kwa mwaka mzima, mpaka ionekane kama mti umepona. Akachana nakala, akanipa, akapanda ngazi zote kumi na nne. Nikiwa pale chini na karatasi yangu nikamsikia analia jikoni. Anampenda mama kuliko anavyonipenda mimi, hilo halina siri hapa kwetu.

Jioni tukakaa kula. Mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia.

"Umemfukuza mama yangu," nikasema.

"Nani alishika shoka?"

Akafuta mikono, akaleta kijitabu cha masharti, akakiweka kando ya sahani yangu. "Soma kifungu cha saba. Chote. Siyo nusu."

Nikasoma. Kumbe umbali unapimwa kuanzia kwenye ncha za matawi, siyo shinani, maana mizizi inakwenda mbali kama matawi au zaidi. Kwa hesabu hiyo uwanja wetu wote ulikuwa wa mti, na sisi tulikuwa wapangaji wake tu. Lakini kifungu hakikuishia hapo. Chini iliandikwa kwamba mwenye nyumba anaweza kuruhusiwa kujenga chumba chepesi juu ya nguzo, mashimo yasizidi upana wa ndoo, yachimbwe kwa mkono, yasiguse mzizi mnene kuliko kidole gumba. Na mwombaji alete kwanza mchoro wa mizizi.

"Hiki ndicho nilichotaka kukuonyesha Alhamisi," akasema. "Pale pale uwanjani, na kamba mkononi."

"Ungenionyesha hapa mezani usiku ule nilipokuambia, ingekuwaje?"

"Wangesema kibali cha mume wa karani kimepikwa jikoni. Na kila mwenye nyumba aliyekataliwa angekuja na shoka lake."

Alikuwa sahihi. Nilimwambia hivyo, kwa sauti ndogo, na akajifanya hakusikia ili nirudie.

"Sawa, ulikuwa sahihi," nikarudia. "Lakini mchoro wa mizizi? Nani anaona chini ya ardhi?"

"Sijui," akasema. Akanitazama kwa huruma ya kweli, na hiyo ikaniuma zaidi. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa.

Kesho yake nilikwenda hospitali kukiri makosa. Mama alikuwa kitanda cha dirishani, nywele amesukwa na muuguzi. Nilimweleza yote, mtaro, shoka, notisi, nikiangalia sakafu. Nilisubiri aseme basi, nitakwenda kwa dada yako.

"Mzizi upi?" akauliza.

"Wa upande wa ngazi."

"Ule mnene, unaopita chini ya kamba ya nguo halafu unapinda kwenye jiwe la kufulia?"

Nikainua kichwa. Jinsi unavyopinda sikuona hata mimi niliyeukata. "Umejuaje?"

"Miaka arobaini na moja nafagia ule uwanja kila asubuhi," mama akasema. "Mzizi ukinyanyua ardhi, ufagio unaruka. Mvua ikinyesha, maji yanasimama nyuma ya mizizi, nayafagia mimi. Kiangazi ardhi inapasuka, na nyufa zinafuata mizizi. Wewe ulidhani ninapofagia nafikiria nini? Wewe?"

Sikuwahi kudhani chochote. Kusema kweli, nilidhani uwanja unakuwa safi wenyewe.

Nikamwomba muuguzi karatasi, akatupa kalenda ya mwaka uliopita, kubwa, nyeupe kwa nyuma. Mama akaiweka juu ya meza ya chakula, akafumba macho, akaanza kusogeza mkono hewani, kulia kushoto, kulia kushoto. Alikuwa anafagia. Mkono uliporuka, alifumbua macho, akachora mstari, akafumba tena. Alianzia kwenye lango, akapita kwenye tangi la maji, akazunguka shina. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka kumtazama. Ilichukua zaidi ya saa moja, na alipomaliza karatasi ilikuwa na mizizi kumi na moja, minene kwa mistari minene, na kati yake sehemu tupu alizozitia duara.

"Hapa, hapa na hapa, ardhi ni laini," akasema. "Hapo hapana, hapo upo mmoja unajificha, una hila." Akaweka kalamu chini, amechoka. "Huyo mkwe wangu, hiyo notisi aliiandika vizuri?"

"Aliiandika vizuri sana."

"Vizuri," mama akasema, na akafumba macho alale.

Alhamisi saa nne kasoro robo mke wangu alishuka ngazi na mkoba wake, akatoka langoni, akaenda mpaka barabarani. Saa nne kamili akageuka, akaja, akabisha hodi. Nikamwambia karibu. Alikuwa amekuja na afisa misitu wa wilaya, kwa sababu alikataa kusaini peke yake jambo linalomhusu mumewe.

Afisa huyo, kijana mpole mwenye buti kubwa, aliitazama kalenda ya mama akakuna kidevu. "Huu mchoro kaufanya nani? Alitumia mashine gani?"

"Ufagio," nikasema.

Alidhani namkejeli. Basi tukapima. Alikuwa na fimbo nyembamba ya chuma, akawa anaichomeka taratibu ardhini, mahali mama alipotia mstari na mahali alipotia duara. Kwenye mstari fimbo iligota. Kwenye duara ilizama. Alichomeka mara ishirini. Alipomaliza aliikunja kalenda kwa adabu, kama cheti, akaniomba nakala.

Nilipata kibali cha nguzo tisa, mahali pa maduara tisa. Hapo ndipo msiba wangu ulipoanza. Mzizi hauna skwea, kifaa chetu cha kupimia pembe. Maduara ya mama hayakukaa kwenye mstari hata kidogo. Niliyaunganisha kwa kamba nikapata chumba chenye pembe tano, na hakuna pembe mbili zilizofanana. Nilizunguka zile kamba asubuhi nzima. Nilijaribu kuihamisha nguzo ya nne hatua moja tu, ili angalau upande mmoja unyooke, na mke wangu, aliyekuwa anaanika nguo, akasema bila kugeuka, "Hapo ndipo yule mwenye hila."

Basi nikaacha. Nilichimba mashimo kwa mwiko na mikono, nimepiga magoti kama mtu anayetafuta pete. Manane yalikuwa safi. Katika la tisa nilikutana na kimzizi cha unene wa kalamu, na sikungoja kuambiwa na mtu. Nikakizungushia udongo, nikalisogeza shimo kidogo. Fundi seremala akanisaidia mbao, fundi bomba akaleta bomba la choo akalipitisha juu ya ardhi, na watu wakaanza kupita njia ya kwetu hata wasio na safari ya upande huo, ili wamwone Timazi anajenga kitu kilichopinda. Kinyozi alileta kiti kabisa. Nilimwacha akae. Nilikuwa na siku nne, sikuwa na muda wa kugombana.

Nilipiga msumari wa mwisho Ijumaa jioni. Jumamosi dada akaja na gari, ameshampitia mama hospitali.

Mama alikuwa amekaa mbele, fremu ya chuma magotini. Mizigo yake ilikuwa nyuma, imefungwa kwa safari, kwa sababu dada hakuamini maneno yangu ya simu. Alishuka, akakitazama chumba kutoka upande huu na upande ule.

"Hiki chumba kimelewa?" akauliza.

Nilikuwa namtazama mama. Tulimsaidia kushuka, akashika fremu, akaanza kutembea. Kutoka garini mpaka mlangoni ni hatua kumi na tisa, na alizitembea zote mwenyewe, akiinua fremu na kuishusha, mke wangu nyuma yake mikono wazi kama anayefuata mtoto. Mlangoni kulikuwa na ubao wa mteremko, kimo cha kiganja. Akaupanda. Akasimama katikati ya chumba, akahesabu pembe kwa kidole.

"Nani kajenga hiki?"

"Mimi, mama."

"Wewe Timazi?"

"Mimi."

Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka ikabidi akae kitandani, akashika nyonga, akaendelea kucheka, na sisi sote tukacheka, hata dada. Kisha akafuta macho kwa ncha ya khanga.

"Leteni mizigo yangu," akasema. "Na wewe binti yangu, lala juu leo, umechoka na njia. Kesho urudi kwako salama."

Dada akaniangalia, akaangalia mti, akaenda kuleta mizigo. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji kwa muda. Sina haja ya kueleza nilikuwa nafanya nini huko.

Hiyo ilikuwa miezi mitatu iliyopita. Mvule haukufa. Upande ule nilioukatia mzizi ulipukutisha majani mengi, mke wangu akawa anautazama kila asubuhi kabla hajanitazama mimi, halafu ukachipua tena. Mama alinitaka nimfungie ufagio mpini mrefu ili asiiname, nikamfungia. Kukatokea shida ndogo, maana kifungu cha nane kinasema majani yasiondolewe chini ya mti. Mkwe na mama mkwe walikaa juu ya jambo hilo jioni nzima, mlango umefungwa. Wakatoka wamekubaliana kwamba mama atafagia, ila atafagia kuelekea shinani.

Leo asubuhi nilikuwa nashuka kwenda kazini nikamkuta. Mkono mmoja kwenye fremu, mkono mmoja kwenye ufagio, anafagia polepole kuja kwenye mti. Alipofika chini ya kamba ya nguo, pale nilipofukia mtaro, ufagio ukanyanyuka, ukavuka, ukashuka upande wa pili.

"Mama, hapo hamna mzizi tena," nikasema. "Pako sawa sasa."

"Hebu njoo uangalie kabla hujasema."

Nikaenda, nikainama. Kutoka kwenye ile ncha niliyoikata lilikuwa limepenya udongo chipukizi, kimo cha kidole, lina majani mawili.

"Usisimame hapo, utalikanyaga," mama akasema. "Nenda kamwite mkeo. Mwambie aje na kibati kidogo."